Kiatu cha Mdomo

"Nileteeni hata mamba! Nitampima, nitamvalisha, nitamfunga kamba, na atatoka kwangu akitembea kwa maringo kama bibi harusi!"

Maneno hayo aliyasema Fundi Soli kwenye mkutano wa mtaa, kipaza sauti mkononi, mbele ya watu wasiopungua mia mbili, mchana kweupe, bila kushikiwa panga na mtu yeyote.

Mkutano wenyewe uliitishwa kwa ajili ya mbwa. Afisa wa baraza la mji alisoma tangazo kwamba kila mbwa wa ile aina inayoitwa pitibuli, "pamoja na wote wanaofanana naye", aletwe ofisi ya mifugo Jumamosi kabla ya saa nane mchana, akiwa amevaa kifunga-mdomo imara cha ngozi. Asiyevaa atachukuliwa. Hakusema atachukuliwa kupelekwa wapi, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mtu anajua mbwa anayechukuliwa na baraza hapelekwi shule.

Kilichoulizwa ni vifunga-mdomo hivyo vinapatikana wapi, maana madukani kuna vya vijibwa vya kubebwa kwapani tu. Afisa akaanza kukohoa. Hapo ndipo mwenye bucha, jirani wa Fundi Soli, alipomsukuma kiwiko: "Si upo wewe? Simama, mtu wangu!" Fundi akasimama. Watu wakapiga makofi. Walikuwa na sababu. Kwa miaka thelathini na mmoja katika kibanda kilekile alikuwa amemshonea kiatu mzee mwenye vidole sita, akamshonea binti ambaye mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenziwe mpaka binti akacheza muziki kwenye harusi yake mwenyewe, na aliwahi kufufua buti la zimamoto lililokuwa limeungua nusu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fundi viatu akipigiwa makofi huita mamba.

Katika watu wale mia mbili, mmoja tu ndiye hakupiga makofi. Alikuwa mke wake, na alikuwa ameficha uso kwenye kiganja. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba mumewe anaogopa mbwa.

Na si kule kuogopa kwa kawaida, kwa kuvuka barabara na kujifanya umeona duka. Fundi Soli aliweza kusikia kucha za mbwa kwenye saruji akiwa nyumba tatu mbali, na akizisikia, mate yalimkauka na vidole vya miguu vikajikunja ndani ya viatu. Nyuma ya mguu wa kushoto alikuwa na kovu. Watu aliwaambia ni mnyororo wa baiskeli. Ukweli ni kwamba alipokuwa na miaka tisa, mbwa wa jirani, wa rangi ya vumbi, asiye na aina wala ukoo, mbwa ambaye mtaa mzima ulimwita mpole, alimng'oa kipande cha nyama huku akitikisa kichwa. Yule hakuwahi kusomewa tangazo na mtu.

Jumatatu yake Fundi alikuwa kibandani, kiatu cha mtu kimevalishwa kichwa chini kwenye chuma, misumari midogo imebanwa midomoni. Kibanda kina mlango wa nusu, unaofika kifuani. Upande wa kulia ni bucha, wa kushoto fundi simu, na ndani mkewe huketi kwenye cherehani kubadilisha zipu za mabegi. Mchana ule cherehani ilinyamaza ghafla. Fundi akainua macho.

Aliyesimama nje alikuwa Mwalimu, yule mama mstaafu aliyewafundisha watoto wa nusu ya mtaa, wakiwemo wa Fundi. Na pembeni yake, kwenye mnyororo, kulikuwa na Karani.

Karani alikuwa mbwa wa rangi ya udongo wa matofali, na kichwa chake nacho kilikuwa tofali. Kifua kilijitokeza kama droo iliyogoma kufunga. Masikio yalikuwa yamekatwa kwa mkasi na mpangaji mmoja wa zamani, ambaye alipohama alibeba mapazia na balbu, akamwacha mbwa. Mwalimu alimlea tangu hapo, mwaka wa sita sasa. Jina alimpa kwa sababu ya tabia yake ya kuketi getini na kumtazama kila anayeingia kwa utulivu, bila haraka, kama anayesubiri ujaze fomu.

"Fundi, mteja wako huyu hapa," Mwalimu alisema.

Fundi alikuwa tayari amepanda juu ya kigoda. Hakukumbuka kupanda. "Mwalimu, ulikuwa na haja gani ya kujisumbua? Ungeniletea tu... picha."

"Picha? Mimi nikija kushonewa viatu nakuletea picha ya mguu?"

Mke wa Fundi alikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao sauti ya mwenye bucha ikapenya: "Soli, angalia sana! Hao taya zao zina kufuli! Zikishafunga zimefunga, hata uje na nondo! Kuna jamaa upande wa pili wa mji aling'atwa mkono, mpaka leo bado anaye mbwa mkononi!"

"Anaye mkononi vipi?" mke wa Fundi akauliza.

"Anatembea naye, shemeji. Anaenda naye kazini."

Mwalimu alicheka. Fundi hakucheka. Misumari ilikuwa bado mdomoni mwake na aliionja kama chumvi.

Katika kazi ya viatu kuna sheria moja ambayo Fundi aliirithi kwa mjomba wake pamoja na nyundo: mguu hupimwa mtu akiwa amesimama. Mguu uliokaa ni mguu mwongo. Ukiusimamisha, ukaubebesha mwili, unatanuka, na hapo ndipo unapouona wenyewe. Aliwahi kumsimamisha mkuu wa polisi na soksi zake zilizotoboka. Kwa hiyo alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba mdomo wa mbwa nao hupimwa ukiwa kazini, yaani ukiwa wazi, mnyama akihema.

Na mdomo ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi pale pale, hatua moja kutoka mlango wa nusu. Ulimi umening'inia, na nyuma ya ulimi kulikuwa na yale meno ya pembeni, makubwa, yaliyopangwa kama mawe ya msingi. Pumzi iliingia kibandani, ya moto, yenye harufu ya chuma. Fundi aliuona mkono wake mwenyewe ukiwa mle ndani. Aliuona kabisa, mpaka kwenye saa.

"Mfunge mdomo, Mwalimu," alisema. "Mshikilie hasa."

"Nimfunge?"

"Ndiyo utaratibu."

Mwalimu akaweka kiganja chini ya kidevu cha Karani na kingine juu, akavikutanisha. Karani akafumba macho kama mtu anayenyolewa ndevu. Fundi alirusha uzi kutoka juu ya kigoda kama anayerusha ndoano. Mwalimu, ambaye vidole vyake vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi, aliuzungusha kwenye pua ya mbwa kwa tabu, akafunga fundo, akautoa na kuurudisha. Fundi aliulaza kwenye rula. Sentimita thelathini na mbili.

"Hakitambana?"

"Mwalimu, kiatu kipya lazima kibane. Kitajifungua chenyewe kwa kuvaliwa."

Huo ndio uongo wa zamani kuliko yote katika kazi ya viatu, na Fundi aliutoa laini, bila kupepesa.

Alikitengeneza kwa siku tatu. Kwa kuwa hakuwa na kalibu ya pua ya mbwa, alitumia kopo la maziwa ya unga, akalizungushia ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa. Kila alipofikiria yale meno ya pembeni alipunguza kidogo, nusu sentimita hapa, nusu pale. Kisha akaongeza tabaka la pili la ngozi. Kisha ribiti, vile vipini vya chuma vya kubana ngozi, nane, halafu kumi na mbili. Ukanda wa nyuma aliutia bizimu ngumu ya chuma na kuutoboa tundu moja tu, la mwisho, ili pasiwe na mtu wa kuulegeza.

Alhamisi mkewe alisimamisha cherehani. "Hicho ni kifunga-mdomo au ni jeneza?"

"Tangazo limesema imara."

"Unamwogopa."

"Nani? Mimi?"

"Baba watoto, nimelala na huo mguu miaka ishirini na sita. Mnyororo wa baiskeli hauachi alama za meno manne."

Fundi akapiga ribiti ambayo ilikuwa imekwisha kupigwa.

"Nenda kwa Mwalimu," mkewe alisema, sasa kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kejeli. "Kampime upya, mdomo wazi. Ukiogopa, mwambie unaogopa. Hatakuchapa."

Alikwenda. Jua la alasiri lilikuwa bado kali. Alifika mpaka kwenye geti la bluu, akainua mkono abishe, na upande wa pili akasikia kucha kwenye saruji, tki, tki, tki, zikija bila haraka. Zikasimama. Kwenye upenyo chini ya geti kulitokea pua nyeusi, ikavuta hewa mara moja, ndefu. Ilikuwa inavuta harufu yake yeye. Fundi alirudi nyumbani akasema hakukuwa na mtu.

Ijumaa mkewe ndiye aliyepeleka kazi. Jumamosi saa tatu Mwalimu alipita mbele ya kibanda na Karani amevishwa, ngozi inang'aa kwa rangi ya viatu, ribiti kumi na mbili zikimeta. Mtaa ulitoka kutazama. "Huyo ndiye mamba mwenyewe!" mtu alipiga kelele. Mwalimu alisema, "Fundi, umemvalisha, njoo umwone anavyotembea." Ningepata homa sasa hivi, aliwaza Fundi, ningekuwa mtu mwenye bahati. Lakini mwenye bucha alikuwa ameshafunga duka ili wafuatane, na mkewe alikuwa anamtazama. Akatia mfukoni kisu chake cha ngozi, msharasi wa kutobolea na kibonge cha uzi, kama fundi yeyote anayekwenda kuikabidhi kazi, akafuata. Alifuata akiwa hatua ishirini nyuma, mkewe pembeni yake.

Ofisi ya mifugo ina uwanja wa kokoto uliozungushiwa ukuta, na hauna mti hata mmoja. Kwa kuwa siku ile kulikuwa na chanjo pia, foleni ilikuwa ya mbwa wa kila namna. Mbele ya Mwalimu alikuwepo bwana mmoja amepakata kijibwa cheupe chenye manyoya, kikibwekea kokoto. Waliomwona Karani walijisogeza, hivyo Mwalimu alikuwa na nafasi kubwa pande zote, kama mtu anayesimama kwenye dimbwi. Pembeni ya ofisi liliegeshwa gari la baraza lenye kizimba cha nondo nyuma, na kwenye kivuli cha gari askari mmoja ameketi, bunduki magotini.

Saa nne ikapita. Saa tano. Saa sita. Kokoto zilianza kutoa joto kama kikaango. Mbwa wote walikuwa wanahema, ndimi nje, mbavu zinacheza. Wote isipokuwa mmoja.

"Fundi," Mwalimu aliita bila kugeuka. "Anatoa mlio."

Fundi aliusikia. Ulikuwa mlio mwembamba, wa puani, kama birika kabla halijachemka. Lakini watu walikuwa wamegeuka kumtazama, mia nzima, na kile kitu kilichokuwa kinamtazama kutoka juu ya ribiti zake kilikuwa na macho mekundu.

"Anazoea!" akajibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Atazoea tu!"

Dakika kumi zaidi. Karani aliegemea goti la Mwalimu. Kisha miguu ya mbele ikakunjika. Akainuka, akajikwaruza uso kwa kucha, akainamisha kichwa na kukisugua kwenye kokoto, akakirusha juu, akakirusha tena, na povu jeupe likatoka pembeni mwa ngozi likaruka hewani. Akakoroma.

"Ameanza!" mtu akapiga ukelele. "Ameanza jamani, anavunja kifungo!"

Uwanja ukapasuka. Watu waliacha ndala, waliacha mbwa wao wenyewe. Kijibwa cheupe kikamng'ata mwenyewe aliyekipakata na kuruka chini. Mwenye bucha, mtu wa kilo mia na kumi, alikuwa juu ya tangi la maji kabla hajaonekana akipanda. Askari akaja kutoka kwenye kivuli, bunduki begani.

"Mama, achia mnyororo! Sogea!"

"Haifunguki!" Mwalimu alikuwa amepiga magoti, vidole vyake vilivyopinda vinahangaika kwenye bizimu. Ngozi ilikuwa imelowa mate na jasho, ikavimba, ikaimeza sindano ya bizimu. "Fundi! Fundi, haifunguki!"

"Mama, sogea nipige!"

Na Fundi, aliyekuwa amebanwa ukutani, aliona. Hakumwona mbwa, aliiona ngozi. Pembeni, pale ambapo midomo hukutana, ilikuwa na mikunjo mirefu, iliyosukumwa kutoka ndani kwenda nje, ileile anayoiona kwenye kiatu cha mtoto aliyekua na mzazi akakataa kukubali. Alikuwa amesoma viatu miaka thelathini na mmoja. Huyu hakuwa anataka kuuma. Alikuwa anataka kufungua mdomo aheme, kama mbwa wenziwe wote, na yeye Fundi ndiye aliyemziba.

Hakuna mwingine aliyejua. Hilo ndilo lililomtisha kuliko meno. Akinyamaza kwa muda wa kuhesabu tano, bunduki italia, na jioni mtaa mzima utasema: bila ile ngozi ya Soli tungekwisha. Sentensi hiyo ilimjia nzima, imenyooka, tayari kwa kutembezwa. Angeweza kuzeeka nayo. Angeletewa oda.

Moja. Mbili.

Miguu yake ndiyo iliyotangulia. Yeye mwenyewe aliifuata baadaye kidogo, akisikia sauti ya mtu anayepiga kelele, nyembamba kama ya mtoto, na ilikuwa yake: "Usipige! Kinabana! Nimekosea kipimo! Hana ukali, hana pumzi!"

"Mzee, toka mbele ya bunduki!"

Hakutoka. Alipiga magoti kwenye kokoto, nyuma yake mtutu, mbele yake kile kichwa. Kwa karibu kilikuwa kikubwa kuliko alivyowahi kukiona kwenye mawazo yake. Jicho lilikuwa limezungukwa na weupe pande zote. Alijaribu kupenyeza kidole kati ya ngozi na shavu, na hakikuingia hata ncha. Nilifanya hivi kwa mikono yangu, aliwaza. Akachomoa kisu. Mkono ulitetemeka hivi kwamba ilimbidi aukandamize kwenye uso wa mbwa ili utulie, na hapo chini ya kiganja akasikia moyo wa Karani ukipiga mpaka kwenye fuvu, haraka kuliko wake.

Akakata tabaka la kwanza. Akakata la pili. Kisu kikateleza, kikachana kidevu cha mbwa, damu ikatoka, na wakati huohuo ngozi ikaachia, mdomo ukafunguka wote, na mkono wa kushoto wa Fundi Soli ulikuwa ndani yake.

Taya zikafunga.

Alilihisi kila jino. Aliyahisi yale ya pembeni juu ya mfupa wa kiganja, yametua, yanabonyeza. Mahali fulani mwanamke alilia. Fundi hakupumua. Alikuwa anasubiri mlio wa kufuli. Alijua utakuja, klik, kisha kichwa kitaanza kutikisika, na nyama itatoka kama ilivyotoka siku ile, na safari hii kuna mifupa.

Taya zikafunguka.

Karani aligeuza kichwa pembeni, kama mtu aliyekukanyaga kwenye foleni na hajui aombe radhi vipi, akatapika kwenye paja la Fundi. Kisha akavuta hewa. Ilikuwa sauti kubwa, mbaya, ya msumeno. Ulimi wake ulikuwa wa zambarau.

"Maji!" Daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, alikuja mbio na ndoo. "Tumboni! Kwenye nyayo! Usimmiminie mdomoni, atapaliwa! Wewe na bunduki yako, shusha hicho kitu kabla hujampiga mtu!"

Walimwagia. Ndoo ya tatu, ulimi ukarudi waridi. Fundi aliutazama mkono wake. Kulikuwa na vishimo vinne. Damu ilikuwa ya kidevu cha mbwa.

"Kufuli..." alisema, akashindwa kuendelea.

"Kufuli gani?"

"Ya taya."

Daktari alimtazama kama anayetafuta alipojigonga. "Fundi, taya ni taya. Zina nguvu, usizifanyie mchezo. Na mbwa kama huyu akifundishwa kuua, ataua vizuri. Ila kufuli hana. Huyu kila nikimdunga sindano ananiegemea mpaka natafuta pa kushika. Kile cheupe kinachokimbia kule kimeshaning'ata mara mbili mwaka huu, na hakimo kwenye tangazo." Akafungua daftari lake. "Sasa niambie. Nani alitengeneza lile dude?"

Watu walikuwa wameanza kurudi, wamejipanga ukutani. Wengine walikuwa wanasimuliana tayari: mbwa alikuwa anataka kumla Soli, ameiona bunduki ndipo akaogopa. Fundi alisikia.

"Mimi," alisema. "Sikumpima. Nilimwogopa, nikamfungisha mdomo. Andika hivyo."

Kalamu ilikwaruza.

Daktari akatazama saa. "Saa sita u nusu. Ikifika saa nane hana kifunga-mdomo, anaondoka na lile gari. Sheria si yangu, Mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kokoto zilizolowa, mkono kwenye mbavu za Karani, anamtazama Fundi. Hakumtazama kwa hasira. Ingekuwa hasira angeweza kuivumilia.

Kibanda kilikuwa mbali, na mbwa hakutakiwa kusogezwa. Fundi alipapasa mfuko: msharasi, uzi. Ile ngozi iliyokatwa ingetoa vipande, ila si vya kuzunguka. Akasimama, akavua mkanda wa suruali yake. Ulikuwa ngozi halisi, aliukata mwenyewe. Mwalimu akaelewa, akamnyooshea mkanda wa mkoba wake.

Akaketi tena. "Nahitaji mdomo wazi," alisema.

"Si huo hapo," Mwalimu alisema.

Alishika uzi mwenyewe. Hofu haikuwa imeondoka hata unyoya. Ilikuwa palepale, imemkalia kifuani kwa uzito wote, na kila Karani alipomeza mate moyo wa Fundi uliruka mpaka masikioni. Alipitisha uzi chini ya kidevu kilichochanika, akauzungusha mbele ya macho yale, pumzi ya moto ikimpiga kifundo cha mkono. Mkono ulitetemeka, kipimo kikaja tofauti. Akarudia. Kikaja tofauti tena. Mara ya tatu Karani alichoka kushikwashikwa, akalaza kidevu chote, na uzito wake, kwenye kiganja cha Fundi. Kiganja kikatulia kwa sababu hakikuwa na namna nyingine. Sentimita arobaini na moja.

Alishona akiwa ameketi palepale, kichwa cha mbwa umbali wa shubiri mbili. Akajenga kikapu cha mikanda, chenye nafasi ya kuhema na kunywa. Jasho lilidondokea uzi.

"Soli!" mwenye bucha aliita kutoka juu ya tangi la maji. "Mkono upo?"

"Upo."

"Wote?"

"Shuka uhesabu."

Hakushuka.

Saa nane kasoro dakika sita Fundi alifunga fundo la mwisho. Kitu chenyewe kilikuwa kibaya kama kikapu kilichokanyagwa na ng'ombe. Daktari alipenyeza vidole viwili kila upande, akamngoja Karani aheme ndani yake, ulimi wote nje, akaweka sinia la maji, Karani akanywa. Alivuta bizimu, ikashika. Akagonga muhuri kwenye karatasi. Askari alirudi kwenye kivuli cha gari akiwa amenuna.

Mwalimu aliikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani. "Karani, nyumbani." Kisha kwa Fundi, kwa sauti ileile ya darasani: "Na wewe ukanawe mkono huo kwa sabuni, hata kama haujatoka damu."

"Ndiyo, Mwalimu."

Walipoondoka, watu ukutani walijisogeza kumpisha mbwa, vilevile kama asubuhi. Fundi naye alijisogeza kidogo. Mkewe aliona.

Wakatoka getini wawili, yeye na mkewe. Hatua ya kumi mkewe akasema, "Baba watoto, suruali." Akaidaka. Akatembea hivyo mpaka kwenye kona, ameikunja kiunoni kwa ngumi yenye vishimo vinne, akipita mbele ya mtaa mzima, mpaka kwa mchuuzi aliyetandaza bidhaa zake juu ya turubai. Mikanda ilikuwa ya plastiki, yote kahawia, bizimu ya bati.

Elfu tatu, na Fundi Soli akalipa.